Waya Mweusi, Ulezi na Kofia ya Baba Oliva

Jamani, kabla hamjaisikia kwa Mama Skola, ambaye saa hizi yuko bombani anaisimulia kwa mara ya tatu, acheni niiseme mwenyewe. Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya mtu niliyekuwa namwomba binti yake.

Nimekaa nje juu ya ndoo, naandika. Kisa chenyewe ni cha umeme. Umeme haukunigusa. (Afadhali ungenigusa, ningezimia na mengine yote yangenipita.)

Kwa wasionijua: naitwa Gido, ni mwalimu wa fizikia. Shikilieni hilo neno fizikia, litatuumiza mbele ya safari. Nimezaliwa Singida, huu ni mwaka wangu wa nne Sumbawanga, na nakaa Milanzi kwenye tela la Mzungu.

Tela la Mzungu ni nyumba ndogo ya bati yenye matairi, ile inayofungwa nyuma ya gari na kukokotwa. Ndani ina kitanda, benchi, meza ya kukunja na madirisha manne yenye mapazia. Alilileta mtafiti mmoja wa ndege, zamani sana. Gari lake likafa hapa, akalisukuma tela uani kwa marehemu mume wa Mama Skola, akapanda basi, akasema anarudi. Hadi leo. Mimi nilikuwa mpangaji wa Mama Skola kwenye chumba cha kawaida. Mvua zilipobomoa ukuta wangu, mama wa watu akaniambia nijihifadhi mle kwenye tela kwa wiki mbili. Nikaingia, nikalipenda, wiki mbili zikawa mwaka.

Halina umeme. Lina taa, lina swichi, lina feni kwenye dari, vyote vya kutumia betri ya gari, lakini betri yenyewe iliondoka na maisha yake siku nyingi. Nimekuwa nikitumia tochi ya simu na mshumaa. Sikuwahi kuona tatizo.

Tatizo lilikuja na Oliva. Oliva ni fundi cherehani mjini, na tumekubaliana mimi na yeye. Baba yake analima mahindi na ulezi Mwimbi. Mzee alipoambiwa kuna mwalimu ana nia, akauliza swali moja tu: anakaa wapi? Oliva, ambaye hajui kusema uongo (ndiyo kasoro yake pekee), akamwambia. Mzee akasema maneno ambayo nililetewa jinsi yalivyo: mwanaume mwenye nyumba ya matairi ni mwanaume wa kuondoka. Akaongeza kwamba walimu wenyewe wanahamishwa kila leo, na huyu amekwenda mbele zaidi, amejiandaa kuhama na nyumba.

Hata hivyo hakukataa. Alisema atakuja kuona kwa macho yake, Jumamosi, kisha atatoa jibu. Jumamosi ndiyo leo.

Sasa mimi nikafikiri kama msomi. Nyumba ni nini? Nyumba ni taa. Mzee akiingia akakuta taa zinawaka, feni inazunguka, ataona pale ni nyumbani kwa mtu, matairi atayasahau. Kumbukeni hesabu hiyo niliipiga mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Bwana Nassoro. Huyu ana duka la betri karibu na stendi, baba yake alikuwa na duka la betri, na nadhani babu yake angekuwa nalo kama betri zingekuwepo. Alinichagulia betri nzuri iliyojaa chaji. Akaniuliza nani ataiunga. Nikamwambia mimi.

Akaniuliza kama naujua mfumo wa lile tela. Nikamwambia nimekwishaona nyaya mbili pale chini ya kitanda zinapotakiwa kufungwa betri, mmoja mweusi, mmoja mweupe. Bwana Nassoro akatikisa kichwa polepole.

"Mwalimu, usiamini rangi. Rangi aliichagua aliyetengeneza, na huyo humjui. Chukua mita yangu, pima waya upi umeshikana na chuma cha bodi. Huo ndio hasi."

Akanyoosha mkono na mita yake. Ndugu zangu, mita ilikuwa mkononi mwake, imeelekea kwangu. Ningeipokea tu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Badala yake nikacheka. Nikamwambia Bwana Nassoro kwamba mimi ndiye ninayefundisha hayo mambo. Nikamweleza, pale dukani, mbele ya wateja wawili, kwamba nyeusi ni hasi. Kwenye gari nyeusi ni hasi. Kwenye mita yake mwenyewe waya mweusi ni hasi. Nyeusi ni hasi duniani na mbinguni. Basi mweupe, kwa kuwa hauna kazi nyingine, ni chanya. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akarudisha mita kwenye droo.

Nikapakia betri kwenye bajaji. Saa mbili na nusu niko chini ya kitanda, nimelala kifudifudi, nafunga. Mweusi kwenye hasi. Mweupe kwenye chanya. Nikakaza. Nikatoka, nikashika swichi ya taa, nikapiga ishara ya msalaba.

Taa zikawaka. Zote tatu! Zile taa za zamani za balbu ya manjano, hazijawaka tangu Mzungu aondoke. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati. Nikasimama peke yangu katikati ya tela, nikajipigia makofi. (Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu watawaambieni kwamba balbu ya namna ile huwaka hata ukigeuza nyaya, haichagui. Nimewafundisha mimi. Iko kwenye madaftari yao.)

Ishara ya kwanza ilikuja dakika tano baadaye. Nilichomeka chaja ya simu kwenye tundu lake pale ukutani, ikalia pss, ikatoa kamoshi na harufu ya plastiki. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikailaumu chaja. Nikasema vitu vya siku hizi havina ubora, nikaitupa nje.

Ikabaki feni. Imo kwenye tundu la dari, juu ya benchi, na kazi yake ni kunyonya hewa ya joto na moshi wa ndani na kuitoa nje. Juu yake kuna mfuniko unaofunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Nilitia mafuta kidogo, nikaisukuma kwa kidole, nikawasha. Ikazunguka vizuri, bila kelele. Mfuniko sikuufungua. Mnaijua baridi ya Sumbawanga ya asubuhi, nani afungue dari? Nikazima, nikaridhika. Feni inafanya kazi, nikasema.

Kisha nikamtafuta Mama Skola, kwa sababu kuna jambo mnatakiwa kulijua. Paa la tela langu ndiyo sehemu ya kuanikia ya uani kwetu. Ni pana, ni la bati, linapata jua, na kuku hawafiki. Mama Skola ameshaanika huko mahindi, mboga, dagaa wa Wampembe na shuka za jumuiya. Nikamwomba leo asitundike nguo pale, napata mgeni mzito. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nguo hataweka hata moja.

Na kweli, nguo hakuweka.

Nikaoga, nikapiga pasi shati jeupe, nikaenda stendi na Oliva. Gari la Mwimbi liliingia saa saba na nusu. Baba Oliva akashuka. Mzee mrefu, mkavu, koti jeusi la kanisani, kofia nyeusi ya duara, fimbo. Nikainama, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akapanda na macho taratibu hadi usoni kama anayekagua jembe kabla ya kulinunua. Njiani aliniuliza mambo mawili tu, kama wazazi wangu wazima na kama lile tela lina breki.

Tukafika. Niliona ngazi imeegemea ubavuni mwa tela. Niliiona vizuri kabisa. Sikujiuliza, maana kichwani mwangu mlikuwa na balbu tatu tu zinazowaka.

Mzee hakuingia mara moja. Alizunguka nje, akagonga bati kwa fimbo, akainama kutazama matairi kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha akaingia, akavua kofia kama mtu anayeheshimu nyumba ya watu. Hapo nikapata moyo. Nikamkaribisha kwenye benchi, mahali pa heshima, chini kabisa ya feni, ili apate hewa. Akakaa wima, akaweka kofia magotini, mdomo wa kofia ukiangalia juu. Ishikeni hiyo kofia.

Taa haionekani mchana, si ndiyo? Basi nilifanya nini? Nilifunga mapazia. Yote manne, moja baada ya jingine, saa nane mchana, jua linawaka, huku mzee ananiangalia. Nikafunga na mlango. Oliva akaninong'oneza kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia asubiri.

Nikabonyeza swichi. Taa zikawaka, mwanga wa manjano ukajaa, na nikaona mzee anainua macho, anatazama taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaguna. Lilikuwa guno zuri. Oliva akatabasamu. Jamani, nilikuwa nimeshaoa.

Ningekomea hapo. Lakini watu watatu kwenye chumba kidogo cha bati kilichofungwa mapazia na mlango, joto likapanda. Mzee akapitisha kidole kwenye kola. Mimi nikaona hiyo ni nafasi niliyoletewa na Mungu. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya darasani, kwamba nyumba hii, Baba, ina chombo maalumu cha kutoa hewa chafu nje.

Nikashika mkono wa mfuniko, nikazungusha. Ukawa mgumu. Nikazungusha kwa nguvu. Ukafunguka kwa shida, na nikaona kipande cha gunia kwenye ukingo wa tundu. Nikafikiri ni takataka za upepo. Nikawasha feni.

Nitawaeleza taratibu, maana hata mimi mwenyewe bado sijaamini.

Kwanza uliingia upepo. Ulitoka juu ukaja chini, wakati ulitakiwa kutoka chini uende juu. Nywele za Oliva zikalala. Nikasema moyoni, mbona inaingiza? Kisha likaja vumbi, vumbi la miaka yote ya tela lile, jeusi, likafuatwa na kiota kizima cha ndege kilichotua begani kwa mzee. Kisha ile pembe ya gunia ikavutwa ndani, ikapigapiga, na gunia zima likafuata.

Na gunia lilikuwa na ulezi.

Ulishuka shaaaa, bila haraka, bila kuacha nafasi. Wanaoujua ulezi wanajua punje zake, ndogo kama mchanga, zinapita popote. Ulimwingia mzee kichwani, masikioni, kwenye kola aliyoilegeza mwenyewe dakika moja kabla. Ulijaa kwenye kofia. Mzee hakusogea. Alikaa vilevile wima, amefumba macho, anapokea.

Nilipigwa na butwaa. Nilipozinduka nikarukia swichi kuzima feni, nikabonyeza, na kukawa giza. Nimezima taa. Feni inaendelea. Sasa tuko gizani, mchana, mapazia yamefungwa kwa mkono wangu mwenyewe, na ulezi unanyesha.

Oliva akaita, "Baba?" Baba hakujibu. Nadhani alifunga mdomo kwa sababu za kueleweka.

Nikapiga magoti, nikatambaa chini ya kitanda, nikapapasa hadi kwenye betri, nikang'oa waya. Ikaruka cheche. Feni ikazimika polepole. Kukawa kimya, ila punje zinaendelea kudondoka moja moja, ti, ti, ti.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilitoka chini ya kitanda, giza bado, akili imesafiri. Mkono ukagusa ufagio. Na mimi nikawaza jambo moja tu, ulezi wa watu unamwagika, niuokoe. Nikaanza kufagia benchi. Nikafagia kwa upole, kutoka juu kwenda chini. Nikaona benchi laini kidogo. Nikafagia tena.

Oliva akafungua pazia.

Nilikuwa namfagia baba yake. Ufagio ulikuwa kifuani kwake, kwenye koti la kanisani, umeishia kwenye kifungo cha tatu. Jamani. Kumgusa mtu mzima kwa ufagio ni kumfukuza, kila mtu anajua, Singida wanajua, Ufipa wanajua, hata yule Mzungu wa ndege nadhani alijua. Mimi nilikuwa namfagia mkwe wangu, ndani ya nyumba niliyomwalika, siku aliyokuja kuamua kama anipe mtoto wake. Nikatamani ardhi ipasuke. Ila nilikuwa kwenye tela, hata ardhi ilikuwa mbali.

Mzee akafumbua macho. Akautazama ufagio. Akanitazama mimi. Kisha akaingiza vidole viwili kwenye kofia iliyojaa, akachukua punje chache, akazitia mdomoni, akatafuna taratibu, huku sisi wawili tumesimama kama tumepigiliwa misumari.

"Ulezi huu haujakauka," akasema.

Mlango ukafunguliwa, Mama Skola huyo. Amesikia kelele, amepanda ngazi, hajaukuta ulezi wake, ameshuka. Akachungulia, akaona sakafu, akaona mgeni. Akaweka mikono kichwani. Maskini mama yule alikuwa ameuosha ulezi kwa ajili ya huyohuyo mgeni, ukauke, usagwe, apikiwe ugali jioni. Upepo wa huku mnaujua, kwa hiyo pembe ya gunia aliibana chini ya mfuniko wa tundu ili lisipeperuke. Mimi nilimwambia nguo. Ulezi sikuutaja.

Mzee akamsalimu kwa heshima kama kwamba hakuna kilichotokea, punje zikimdondoka kwenye nyusi, akamkabidhi kofia aimimine kwenye ungo. Kisha akasema jambo kwa Kifipa. Mama Skola akageukia ukuta, mabega yakatikisika. Oliva akajishika mdomo. Nikamwomba anitafsirie. Amekataa. Hadi sasa ninapoandika amekataa.

Halafu mzee akanigeukia na kuniuliza, bila ukali wowote, kile chombo kazi yake ni kuingiza au kutoa. Nikajibu, kutoa. Akasema ahaa.

Oliva ndiye aliyenimaliza. Aliinama, akachungulia betri, akaniuliza taratibu:

"Gido, mota ya betri ukigeuza nyaya zake, inafanyaje?"

Nikajibu kabla sijafikiri, maana nimelijibu mara mia. "Inazunguka kinyume."

Nikajisikia mwenyewe. Hilo ni swali la nne la zoezi nililotoa Jumanne. Nililitunga mimi. Kuna mtoto alikosea nikamwandikia kwa kalamu nyekundu: fikiri kabla ya kujibu.

Oliva akampigia Bwana Nassoro, akaweka sauti ya nje. Bwana Nassoro akasikiliza kisa chote, akauliza tela lilitengenezwa wapi. Nikasoma kibati cha mlangoni: Marekani. Akashusha pumzi. Akasema matela ya huko, waya mweusi ndio unaobeba moto, mweupe ndio hasi, aliwahi kuunga moja la misheni na alijifunza kwa kuunguza. Kisha akauliza, "Mwalimu yupo hapo?" Nikasema nipo. Akasema basi, hana la kuongeza, na akakata simu. Hilo la kutoongeza ndilo lililoniuma.

Oliva akageuza nyaya mwenyewe, kwa bisibisi yangu, dakika tatu. Akawasha. Feni ikanyonya vumbi lote lililobaki hewani, ikalitoa juu, safi kabisa. Mzee akaitazama feni, akamtazama binti yake, akaguna. Guno lilikuwa zuri kuliko la kwanza, lakini halikuwa langu.

Tukatoka nje. Sasa jibu. Nilisimama karibu na ngazi, nimeshikilia ufagio (sijui kwa nini bado nilikuwa nao), nikingojea nikataliwe. Nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kukubali. Nikawaza nitamwambia nini mama yangu Singida. Kwa kweli niliumia, jamani, acheni utani kidogo. Oliva nampenda. Miaka minne nilikuwa mgeni kwenye mji huu, na yeye ndiye aliyenifanya niache kuhesabu miezi ya uhamisho.

Mzee alilizunguka tela tena. Akainama kwenye matairi. Matairi yenyewe yalikwisha upepo zamani, yamezama udongoni hadi nusu, majani yameota katikati. Akalipiga moja teke. Kisha akajifuta ulezi shingoni, akaja akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa na hofu. Nilijua siku moja utaifunga nyumba hii nyuma ya gari, uondoke na mwanangu kwenda nisikokujua. Usiku sikulala. Leo nimekuona unavyofanya kazi." Akatafuna punje nyingine aliyoikuta kwenye jino. "Hutafika hata Laela hapo jirani."

Sikujua nishukuru au nilie. Akauliza kama kuna spana na jeki. Mama Skola akatoa vya marehemu. Mzee akavua koti, akakung'uta (ulezi tena), akakunja mikono ya shati, akaanza kufungua nati za tairi. Nilitaka kumsaidia, akaniambia kwa upole nikae mbali kidogo. Oliva ndiye aliyeshika jeki. Tukaweka matofali chini, tela likakaa sawa.

Akalisimamisha tairi, akalisafisha udongo kwa majani, akanambia anaondoka nalo Mwimbi. Nikamuuliza la nini. Nilikuwa nimeduwaa, sikuelewa kabisa.

"Siku ya ndoa nitalirudisha," akasema.

Ilibidi Oliva anipige kiwiko. Amekubali, ananinong'oneza, we Gido, amekubali. Nikapiga magoti kwenye udongo, na kwa bahati mbaya ufagio ulikuwa bado mkononi, mzee akarudi hatua mbili nyuma.

Oliva amekwenda kumsindikiza stendi. Mimi nimeambiwa nibaki niokote ulezi, punje moja moja, na nimeshajaza kikombe kimoja na nusu. Mama Skola anasema ulikuwa debe. Kidato cha Tatu, najua mmo humu mtandaoni kwa majina ya uongo: Jumatatu mada ni umeme, na atakayetabasamu nikitaja neno mota ndiye atakayekuja ubaoni.

Na ninyi mnaosafiri kwenda Mwimbi jioni hii, mkimkuta mzee wa heshima kwenye gari, koti jeusi, kofia ya duara, amepakata tairi bovu la Marekani na ulezi unamdondoka kila gari likiruka shimo, nawaomba msimcheke. Huyo ni mkwe wangu, na hilo tairi ndilo mahari aliyojichagulia.